Jinsi ya kutengeneza picha ya rangi ya Io kutoka faili za Voyager 1

Voyager 1 ni chombo cha NASA kilichopita karibu na Io, mwezi wa Jupita, Machi 1979. Kamera zake hazikupiga picha za rangi. Kila fremu ni nyeusi na nyeupe, imepigwa kupitia kichujio cha rangi moja. Rangi unaijenga mwenyewe kwa kuunganisha fremu tatu.

1. Fungua OPUS, kitafutio cha PDS, hifadhi ya NASA ya data za sayari. Chagua Voyager ISS (ndizo kamera za chombo), Io, Machi 1979. Tafuta fremu za kamera ya lenzi ndefu zilizofuatana kwa dakika chache: chungwa, kijani na urujuani. Io huzunguka takriban nyuzi 8.5 kwa saa, na chombo nacho kilikuwa mbioni, kwa hiyo fremu zilizoachana sana hazitalingana hata ukizihangaikia.

2. Pakua toleo la GEOMED (lililorekebishwa), si RAW (ghafi). Fremu ya RAW, pikseli 800 kwa 800, imepinda kidogo na ina madoa meusi ya vipimo yaliyochorwa ndani ya kamera. GEOMED imenyooshwa, madoa yamezibwa, na ina pikseli 1000 kwa 1000.

3. Geuza ziwe PNG za biti 16 kwa img2png, programu ya kubadili faili za PDS. Hapa ndipo wengi huharibu: programu ikitanua mwanga wa kila faili kivyake, uwiano wa vichujio umepotea na Io itatoka na rangi za uongo. Tumia kiwango kimoja kwa zote tatu.

4. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, ziweke kama leya na uipe ya juu modi ya tofauti (Difference), inayoonyesha mahali zisipolingana. Linganisha volkano za katikati ya uso, si ukingo, kwani upande wenye kivuli hudanganya. Katikati pakikaa sawa na kingo zote zikaachana, tatizo ni ukubwa: badili kipimo cha leya kwanza, ndipo uisogeze.

5. Unganisha: chungwa kwenye nyekundu (kamera hizi hazikuona nyekundu vizuri), kijani kwenye kijani, urujuani kwenye buluu. Matokeo yatakolea mno. Io halisi ni ya manjano iliyopauka, basi punguza ukolevu bila huruma.

6. Kabla ya kusafisha weusi wa pembeni, chukua nakala ya kila fremu, ongeza mwanga mpaka uso uungue, kisha kagua ukingo. Ndivyo Linda Morabito wa JPL, maabara ya NASA, akitafuta nyota hafifu za kuongozea chombo, alivyouona mwaka 1979 moshi wa volkano umechomoza kwenye ukingo wa Io.