Jinsi ya kutambua manifoldi ya dimensheni 4 kwa kutumia matriksi

Dimensheni 4 inatisha watu na kweli sababu ipo, mwaka 1958 mwanahisabati Markov alithibitisha kwamba hakuna algorithimu ya kuamua kama manifoldi mbili zozote za huko (manifoldi ni umbo ambalo kila sehemu yake ndogo inafanana na nafasi ya kawaida) ni sawa au la. Shida inaletwa na vitanzi, yaani njia zinazorudi zilipoanzia. Kwa hiyo kabla ya yote cheki hivi: manifoldi yako imefungwa (haiendelei bila mwisho), haina ukingo, na kila kitanzi ndani yake kinasinyaa mpaka kuwa nukta? Kama ndiyo twende, kama hapana njia hii haitakusaidia.

Sasa tafuta homolojia ya daraja la 2, yaani nyuso chache za msingi zinazounda zingine zote, alafu hesabu kila uso unakutana na mwenzake mara ngapi, ukizingatia alama za kujumlisha na kutoa. Uso na wenyewe je? Sogeza nakala yake pembeni kidogo ndo uhesabu. Namba zote zipange kwenye matriksi.

Mfano S²×S² (zao la tufe mbili): nyuso ni mbili, kila moja ukiisogeza haijigusi, ila zenyewe zinakutana mara moja, so safu ya kwanza ni 0 1 na ya pili 1 0. Chukua tena CP² (bapa projektivu ya namba changamano) uiunganishe na CP² iliyogeuzwa mwelekeo, hapo unapata 1 na −1 kwenye ulalo, kwingine 0. Zote ranki 2 (idadi ya nyuso za msingi), zote signecha 0 (idadi ya namba chanya kutoa ya hasi, matriksi ikishawekwa kwenye ulalo), na wengi wanaishia hapo wanasema ni kitu kimoja, sio kabisa! Weka vekta (a, b), yaani izidishe na matriksi pande zote mbili: ya kwanza inatoa 2ab, shufwa siku zote, ya pili a²−b², na (1, 0) inakupa 1, witiri. Basi ni tofauti.

Mwanahisabati Freedman mwaka 1982 alionyesha matriksi ikiwa shufwa (kila vekta inatoa shufwa) manifoldi ni moja tu, ikiwa witiri ziko mbili, na moja kati ya hizo haiwezi kuwa laini, yaani ya kufanyia kalkulasi. Tokeo zuri mno hili, jamani.

Angalizo: kama signecha ni sawa na ranki, usitegemee hizo namba peke yake, maana ranki 16 shufwa ina fomu (kanuni inayotokana na matriksi) mbili tofauti, linganisha matriksi nzima.

Na hapa tunaongelea homeomofizimu tu, yaani usawa wa kunyoosha na kupinda bila kuchana. Ulaini ni habari nyingine: mwanahisabati Rokhlin alishaonyesha 1952 kwamba fomu shufwa ya manifoldi laini ya aina hii lazima signecha yake igawanyike kwa 16, E8, fomu shufwa maarufu ya ranki 8, ina signecha 8, kwa hiyo manifoldi ya E8 ipo ila kalkulasi huwezi kuifanyia juu yake.