Chanjo Imepita, Wasiwasi Umebaki: Namna ya Kujiuguza Taratibu

Kabla hujanunua dawa yoyote, nunua daftari. Lile la kurasa 48 analoandikia mtoto wa shule linatosha. Katika ukurasa wa kwanza andika tarehe uliyochanjwa, jina la chanjo, namba ya toleo iwapo muuguzi aliiandika kwenye kadi, mkono uliodungwa, na chini yake tarehe ambayo dalili inayokusumbua ilianza. Iwapo huikumbuki tarehe hiyo, usiibuni; rudi nyuma kwa kufuata mambo unayoyakumbuka vizuri, kama vile mazishi uliyohudhuria, siku shule zilipofunguliwa, au wiki ile mabomba yalipokauka ukalazimika kupandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne.

Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonisaidia mimi mwenyewe. Nilichanjwa mwaka 2021, wakati walimu wa Kenya tulipokuwa miongoni mwa makundi yaliyotangulizwa baada ya utoaji wa chanjo ya Korona kuanza mwezi Machi, na kwa miezi miwili nililala nikisikiliza mapigo ya moyo wangu, nikiamini kabisa kwamba sindano ile ndiyo iliyoninyang'anya nguvu. Daktari aliyenipokea hakunibishia. Aliniuliza tu ni lini nilipumzika katikati ya ngazi kwa mara ya kwanza. Nilipoketi na kalamu nikakumbuka kwamba nilikuwa nikisimama ghorofa ya pili na mfuko wangu wa vitabu tangu shule zilipofunguliwa Januari, wiki nyingi kabla ya kuchanjwa. Kipimo kilionyesha upungufu wa damu, uliotokana na hedhi nzito ambayo nilikuwa nimeizoea hata sikuihesabu kuwa ugonjwa. Sisemi kwamba kila mwenye wasiwasi ana kisa kama changu, maana wapo watu wachache ambao chanjo imewadhuru kweli, na hao hawastahili kuambiwa kwamba wanajisingizia. Ila katika hali zote mbili, tarehe ndiyo inayomwonyesha daktari pa kuanzia.

Ukishaziandika tarehe, zisome hivi. Maumivu ya mkono, homa, kutetemeka kwa baridi, kuumwa kichwa na uchovu kwa kawaida huanza ndani ya siku moja au mbili na kwisha baada ya siku chache. Tezi za kwapani upande uliodungwa zinaweza kuvimba kwa wiki moja au zaidi. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa huchelewa kidogo: homa ya chanjo ya surua huweza kuja kati ya siku ya 5 na ya 12, ndiyo maana mama hushtuka mtoto anapochemka ilhali alishaamini kwamba mambo yamepita salama. Kidonda kidogo cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa mtoto mchanga hujitokeza baada ya wiki kadhaa na hupona chenyewe bila kupakwa chochote, si mafuta wala dawa ya meno. Dalili iliyoanza miezi sita baada ya chanjo si ya kupuuzwa, lakini usiwe na haraka ya kuifunga kwenye sindano, kwa sababu ukishafanya hivyo hutatafuta chanzo kingine.

Kuna dalili ambazo hazingoji daftari. Midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima au kuzirai muda mfupi baada ya kudungwa ni mzio mkali, na unahitaji matibabu papo hapo. Maumivu ya kifua, kuhema bila sababu au moyo kwenda mbio katika wiki ya kwanza, hasa kwa kijana wa kiume aliyepewa chanjo ya Korona ya Pfizer au Moderna, humaanisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo na kupimwa umeme wa moyo, kwani chanjo hizo, kwa nadra, zimewahi kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo. Kwa wale waliopewa AstraZeneca au Johnson & Johnson, tatizo la nadra lililojulikana lilikuwa kuganda kwa damu ndani ya wiki chache, likitangulizwa na kichwa kuuma bila kupoa, macho kuona ukungu, tumbo kuuma sana, mguu mmoja kuvimba, au madoa madogo ya damu chini ya ngozi. Miguu inayolegea au kufa ganzi huku udhaifu ukipanda juu nayo ni ya kukimbiziwa hospitali. Dalili hizi zikikupata leo, miaka kadhaa baada ya kudungwa, huenda zikawa na chanzo kingine kabisa, lakini uharaka wake ni ule ule. Namba za dharura ni 999 na 112, ingawa kwa msongamano wa magari wa Nairobi usione haya kumgongea mlango jirani mwenye gari.

Tuseme sasa umekaguliwa, hatari imeondolewa, na bado unachoka. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa njia mbili: wengine hulala kitandani mchana kutwa hadi misuli inyong'onyee, na wengine siku wanapojisikia nafuu hufanya kazi za wiki nzima kwa pupa. Ukurasa mmoja wa daftari la jirani yangu, aliyeniruhusu kuunakili, ulisomeka hivi: “Jumanne, nimetembea hadi kituo cha matatu, dakika 12, nikapumzika. Jumatano, vivyo hivyo. Alhamisi nimejisikia vizuri, nimefua nguo zote na mapazia. Ijumaa sijaamka hadi saa tano. Jumamosi bado.” Adhabu ya kazi nyingi mara nyingi huchelewa siku moja au mbili, na bila maandishi mtu hulaumu Ijumaa kwa kosa la Alhamisi.

Dawa yake ni kufanya nusu ya kile unachodhani unakiweza, kisha kusimama kabla ya kuchoka. Fua mashati leo, shuka kesho kutwa. Katakata sukuma wiki ukiwa umeketi kwenye kigoda. Panda ngazi ghorofa moja, pumzika hadi pumzi itulie, ndipo uendelee, hata kama watoto wa jirani wanakupita wakicheka. Tembea mahali tambarare, kwa mfano kwenye bustani ya Arboretum au njia pana za msitu wa Karura, na uongeze dakika chache tu kila wiki iwapo siku mbili baada ya matembezi hukuzidiwa. Ikiwa kila juhudi ndogo inakuangusha kwa wiki nyingi, mweleze daktari kwa maneno hayo hayo. Watu wengi waliambukizwa Korona yenyewe karibu na wakati walipochanjwa, na uchovu wa namna hiyo ni miongoni mwa dalili zinazobaki baada ya ugonjwa. Aliyegunduliwa na uvimbe wa misuli ya moyo yeye asifanye mazoezi mazito hata kidogo hadi daktari amruhusu, na ruhusa hiyo huweza kuchukua miezi.

Kwa maumivu na homa, parasetamoli hutosha: mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa nne hadi sita, bila kuzidisha vidonge 8 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza. Soma pakiti, kwa kuwa dawa nyingi za mafua na maumivu zinazouzwa madukani tayari zina parasetamoli ndani, na mtu huizidisha bila kujua. Homa ikipita siku tatu, usinunue pakiti ya pili, nenda ukapimwe. Jiji hili la Nairobi liko juu na lina baridi, hivyo malaria si ya kawaida kwetu, lakini kama wiki chache zilizopita ulikuwa Kisumu, Busia au Kwale, pima malaria kabla ya kuilaumu sindano.

Mkono unaouma uwekee kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na uendelee kuutumia. Ukishindwa kuuinua kuchana nywele baada ya wiki mbili, mwonyeshe daktari, kwani sindano iliyodungwa juu mno huweza kukidhuru kiungo cha bega na kano zake.

Kuhusu chakula sina maajabu ya kukuuzia. Kula unachokula nyumbani, kunywa maji, uji wa wimbi asubuhi, maharagwe, ndengu, mboga na matunda. Nina ombi moja tu kuhusu chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu aisogeze mbele au nyuma kwa saa moja. Na chai kali ya jioni hukesha na mtu, kisha moyo unaodunda saa nane za usiku huonekana kuwa ugonjwa. Kuhusu chupa zinazouzwa mjini kwa madai ya “kuitoa chanjo mwilini”, hakuna dawa yenye uwezo huo, na mwili wenyewe huyavunja mabaki ya chanjo. Baadhi ya mchanganyiko wa mitishamba isiyojulikana huumiza ini na figo, na hapo utakuwa umejitafutia ugonjwa wa pili kwa pesa zako.

Wasiwasi nao una uzito wake mwilini. Uchambuzi wa majaribio 12 ya chanjo za Korona uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya waliodungwa sindano isiyo na chanjo waliripoti dalili kama uchovu na kuumwa kichwa baada ya dozi ya kwanza. Hawakuwa waongo, waliumwa kweli. Kwa hiyo jiwekee muda wa kuhofu, tuseme robo saa baada ya chakula cha jioni, uandike hofu zako zote daftarini, kisha ulifunge. Simu ilale sebuleni. Ukiamka na moyo unaenda mbio, vuta pumzi polepole na uitoe kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, kwa dakika tano. Iwapo wiki mbili zinapita hulali wala huli kwa hofu, hilo peke yake ni sababu halali ya kumwona daktari.

Unapokwenda, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako huduma za msingi kwa waliojisajili na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi. Beba daftari na kadi ya chanjo, na usianze kwa kusema “chanjo imeniharibu”, bali soma tarehe. Uliza kuhusu kipimo cha damu, sukari, presha, tezi ya shingo, na ujauzito kwa anayehusika. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Kama mhudumu anaona chanjo inaweza kuhusika, mwombe atume ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo hata kutoka kwa wananchi wenyewe. Ripoti haihitaji uthibitisho. Shaka yenye tarehe inatosha.

Na siku utakapopangiwa chanjo nyingine, mwonyeshe muuguzi ule ukurasa wa kwanza kabla hujakunja mkono wa shati. Kama uliwahi kupata mzio mkali, daktari aamue kwanza. Kama uliwahi kuzirai tu kwa kuona sindano, omba udungwe ukiwa umelala, na baadaye ukae pale pale angalau dakika 15 hata kama foleni ni ndefu na kondakta wa matatu anaita abiria nje.