Kitambi si cheti cha lishe: ninavyowapima wagonjwa wa saratani kabla ya upasuaji

Mzee mmoja alikuja kliniki akisubiri kuondolewa saratani ya utumbo mpana. Kitambi kipo, mashavu yamejaa, nami nikaandika "lishe nzuri" bila hata kumpandisha kwenye mizani. Mkewe ndiye aliyenionyesha mkanda wake: matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari. Miezi miwili nyuma alikuwa kilo 92. Mizani ikasoma 82.

Siku hizi naanza na mizani, viatu vimevuliwa. Kisha: "Mara ya mwisho ulipopimwa ulikuwa kilo ngapi, na ilikuwa lini?" Asiyekumbuka, muulize nguo zake zinamkaaje. Kilo zilizopungua zigawe kwa uzito wa zamani, zidisha kwa 100. Kwa mzee yule ni karibu asilimia 11.

Mimi hutumia NRS-2002, fomu ya alama ya kupima hatari ya utapiamlo. Ina maswali manne ya mwanzo: BMI (uwiano wa uzito na urefu) iko chini ya 20.5? Amepungua uzito ndani ya miezi 3? Wiki iliyopita amekula pungufu? Ni mahututi? "Ndiyo" moja tu, unaingia kwenye alama. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 3 ni alama 1, ndani ya miezi 2 ni 2, ndani ya mwezi mmoja ni 3. Upasuaji mkubwa wa tumbo una alama 2. Aliyefikisha miaka 70 huongezewa 1. Jumla ikifika 3, yuko hatarini. Mzee wangu, mwenye miaka 71, alipata 5, na BMI yake ilikuwa 28!

Usiulize "unakula vizuri?" Kila mtu hujibu ndiyo, hasa mkewe akiwa hapo. Uliza sahani ya jana ilibaki nusu au robo.

Maji tumboni na miguu iliyovimba huidanganya mizani, basi shika mabega na mapaja uone misuli ilivyokwisha. Albumini, protini ya damu, nayo hushuka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Usiitegemee peke yake.

Haya yote yafanye siku upasuaji unapoamuliwa, si usiku wa kuamkia. Mwongozo wa ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Ulaya, unataka aliye katika hatari kubwa apewe lishe kwa siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama ni saratani. Mzee wangu alisogezwa siku 10, akinywa vinywaji vya protini. Alininunia siku zote hizo. Alitaka uvimbe utoke kesho yake.