Somo: Kununua kinyago cha mpingo na kukitunza kisipasuke

Wakuu, swali la "kinyago changu kimepasuka nifanyeje" nimelijibu mpaka basi. Naandika mara hii moja. Ukiuliza tena, nitakurudisha hapa.

1. Hakikisha ni mpingo. Weusi hauthibitishi kitu, mti wowote ukipakwa rangi ya viatu unakuwa mweusi. Kusugua kwa pamba yenye spiriti nako kunadanganya, kwa sababu hata mpingo halisi hutoa rangi. Geuza kinyago, kwaruza kidogo kwenye kitako kwa ncha ya pini. Unga wa kahawia inayoelekea zambarau, huo ni mpingo. Ukitoka mweupe, ama ni mti mwingine ama umegusa ile mbao ya nje ya rangi ya maziwa inayozunguka kiini. Jaribu upande mwingine. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji na huzama, lakini tafadhali usikitumbukize kinyago kwenye ndoo ili kupima.

2. Tafuta maungio. Nguzo ya ujamaa, ile ya watu waliopandana, inatakiwa itoke kwenye gogo moja. Mulika tochi kutoka ubavuni. Mkono uliovunjika hurudishwa kwa supaglu iliyochanganywa na unga wa mpingo, na ule mstari hung'aa tofauti. Kununua kilichoungwa si dhambi, ila usikilipie bei ya kizima.

3. Andika jina la mchongaji, mahali, mwaka na bei. Dai risiti. Piga picha pande nne na kitako.

4. Kukikausha. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo soma polepole. Mpingo hukauka kwa uvivu mno, na vinyago vingi huchongwa gogo likiwa bado bichi kwa sababu likikauka linakula patasi. Nje unakiona kikavu, tumboni kuna maji. Ukikiingiza ghafla kwenye chumba cha kiyoyozi Muscat au cha hita Hamburg, ngozi ya nje inasinyaa na tumbo linakataa. Hapo ufa huanzia kitakoni na kufuata moyo wa gogo.

Siku ya kwanza paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye kitako na kila mahali nyuzi za mti zilipokatwa kichwa, maana maji hutokea huko haraka kuliko ubavuni. Funga magazeti matabaka manne au matano, tia kwenye mfuko wa plastiki, mdomo uache wazi. Weka mahali penye ubaridi na kivuli. Kila wiki badilisha magazeti, la sivyo ukungu utaota, kisha pima kinyago kwenye mizani ya jikoni na uandike. Uzito utashuka. Ukikaa palepale wiki nne mfululizo, toa mfuko, magazeti yabaki mwezi mmoja zaidi, ndipo ukiweke sebuleni. Kinyago chembamba huchukua miezi. Chenye unene wa paja kinaweza kupita mwaka.

Usikianike juani "kidogo tu". Usikiache kwenye buti ya gari. Usikiweke juu ya friji wala mbele ya feni. Na ufa mpya USIUZIBE kwa gundi: hufunguka wakati wa ukavu na kujibana masika. Ukiujaza ukiwa wazi, mti ukivimba hauna pa kwenda na utapasuka pembeni. Subiri mwaka, halafu tumia nta iliyotiwa weusi, ambayo unaweza kuitoa baadaye.

5. Usafi. Brashi laini, kavu. Nta kidogo mara moja kwa mwaka. Mafuta ya kula hapana, hunata na kushika vumbi.

6. Sheria. Mpingo, pamoja na karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Mwaka 2019 vitu vilivyokamilika vilisamehewa kibali cha CITES, mradi mbao yake isizidi kilo 10 kwa mzigo. Soma pia masharti ya nchi unakokwenda. Kwa Tanzania, vitu vya jadi na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 vinalindwa na sheria ya mambo ya kale. Havitoki bila kibali.

MASWALI

Mdau, Mombasa: Naweza kupaka mafuta ya nazi?

Hatua ya 5.

Mdau, Muscat: Changu kina ufa, kinauzika bei gani?

Picha hakuna, kimo hakuna, mchongaji hakuna. Bei ya nini sasa?

Mdau, Dar: Muuzaji wangu anasema mpingo haupasuki, wewe unatisha watu.

Muuzaji anakiona siku ya kukuuzia tu. Pima uzito wiki nane, kisha urudi na namba.

Mdau, Mtwara: Kaka, somo zuri. Lipiko (kinyago cha Wamakonde cha kuvaa kichwani ngomani) lililochezwa nitalitofautishaje na la kuuzia wageni? Langu pia linadondosha unga mweupe.

Swali safi ndugu yangu. Kwanza, mapiko hayachongwi kwa mpingo. Ni mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hulivaa kichwani na kuchungulia kupitia mdomo wake. Likiwa zito, au mdomo hauruhusu kuona nje, halikutengenezwa kuchezwa. Chunguza ndani: alama za jasho, na mikwaruzo kwenye matundu ya kufungia kitambaa. Nje kuchakaa huigizwa kirahisi, ndani ni kazi.

Huo unga ni fukusi. Funga lipiko kwenye plastiki, kaza hewa isiingie, tia kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko kwa saa 24, unyevu usiligande. Kinyago cha mpingo kibichi usikigandishe kabisa.

Na uliza lilikotoka. Lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilirudishwa kutoka Uswisi 2010.

Mdau, Kilifi: Vigango je? Nimeona vinauzwa mtandaoni.

Usinunue. Kigango ni nguzo ya ukumbusho ya Wamijikenda; husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama chao cha Gohu, hakitakiwi kung'olewa, na vingi vilivyoko nje viliibwa. Makumbusho moja ya Denver, Marekani, ilirudisha 30 Kenya.

Mdau, Hamburg: Gazeti la aina yoyote?

La kawaida. Karatasi za kung'aa za majarida hazinyonyi maji. Na ukikwaruza mpingo vaa barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na pua.