Jinsi ya kuimarisha udongo mweusi wa mbuga kwa chokaa

Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na barabara iliyo juu yake hufuata. Machimbo ya kifusi yakiwa mbali, ni nafuu kuutibu ulipo.

1. Nunua chokaa sahihi. Tafuta chokaa iliyozimwa, mifuko mipya iliyofungwa. Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Haifai kabisa kwa kazi hii.

2. Tafuta kiwango. Usibahatishe. Chekecha udongo mkavu kwa ungo wa milimita 0.425, weka gramu 25 katika kila chupa kati ya tano. Tia chokaa asilimia 2, 3, 4, 5 na 6 ya uzito wa udongo, kisha mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Tikisa kwa sekunde 30 kila dakika 10, muda wa saa nzima, halafu pima pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali. Asilimia ndogo kuliko zote iliyofikisha 12.4 ndiyo ya kuanzia. Maabara ithibitishe nguvu. Wapime pia salfeti, chumvi za salfa zilizomo udongoni: zikiwa nyingi, chokaa yenyewe itavimbisha udongo.

3. Piga hesabu. Tabaka la milimita 150, udongo wa kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, ni kilo 210 kwa mita ya mraba. Asilimia 5 ni kilo 10.5, hivyo mfuko wa kilo 25 unatosha mita za mraba 2.4 hivi.

4. Tandaza na uchanganye. Vunja mabonge kwanza. Vaeni miwani na glavu, na upepo ukiwa mkali ahirisheni. Chokaa ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi, kisha hospitali.

5. Subiri. Nyunyiza maji, shindilia kidogo, acha siku 1 hadi 3. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka. Kalsiamu iliyo ndani ya chokaa inahitaji muda kushika chembe za mfinyanzi. Ukiwa tayari, udongo uliokuwa ukinata kwenye vidole humomonyoka mkononi.

6. Changanya tena, ukague. Chimba kishimo, nyunyizia ukuta wake finofthalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi ikigusa chokaa. Penye chokaa pataiva rangi ya waridi; ukiona mkanda mweusi chini, mashine haikufika huko, rudia.

7. Shindilia hadi asilimia 95 ya msongamano wa juu kabisa uliopatikana maabara, kisha weka unyevu siku 7 bila kuruhusu malori. Chimba mitaro ya pembeni kabla ya mvua za kwanza.