Somo: Kumvua sangara kwa akili ya baharini

Nimekulia Mombasa, na samaki wa kwanza kunivunjia mshipi alikuwa kolekole. Kazi iliponihamishia Entebbe, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, nilidhani mambo hayo yamekwisha, kwamba ziwani ni ngege na dagaa tu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba sangara, huyu ambaye majirani zangu wanamwita mputa, ana tabia za samaki wa miambani baharini. Anavizia kama chewa. Anakaa kivulini mwa jiwe akiacha maji yamletee chakula, kisha anafungua lile domo na kufyonza. Mwaka ule wote nilikuwa natupa chambo katikati ya maji matupu nikisubiri bahati.

Somo hili ni la wanaovua kwa fimbo, kwa mchezo na kwa kitoweo cha nyumbani. Watu wa nyavu wana elimu yao.

Hatua ya 1: Ruhusa

Usiingie ziwani bila kupitia ofisi ya uvuvi ya wilaya. Mwaka 2017 askari wa UPDF, jeshi la Uganda, walipelekwa majini kulinda uvuvi, na hawakusikiliza maelezo ya "sikujua". Ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls kibali cha kuvua kwa fimbo kinatolewa na Uganda Wildlife Authority. Gharama hubadilika, ulizia kabla ya safari. Na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Hatua ya 2: Zana

Fimbo fupi yenye nguvu, futi 6 na nusu au 7. Rili inayobeba mita 200 za mshipi wa kusuka unaohimili kilo 20 hadi 25. Mbele yake funga mita moja na nusu ya nailoni nene ya kilo 40. Waya hauhitajiki kwa sangara, maana meno yake ni kama msasa: yanakwaruza, hayakati. Kinachokata ni ukingo wa kifuniko cha shavu, na nailoni nene inauvumilia. Ila ukienda Ziwa Albert au Nile chini ya maporomoko ya Murchison, kuna samaki aitwaye ngassia, mwenye meno kama ya mbwa. Huko waya ni lazima.

Chambo bandia cha umbo la samaki, sentimita 12 hadi 18, kinachozama mita 3 hadi 6. Ndoana za kiwandani mara nyingi ni laini, zibadilishe. Nimeziona zikinyooka kama pini.

Hatua ya 3: Mahali

Hapa ndipo siku inapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ziwa Victoria ni kubwa, lakini sangara mkubwa haishi kila mahali. Anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mahali pa kujificha, chakula kinachopita, na maji yenye hewa nyingi. Hili la hewa ndilo wengi hawalijui. Sangara hawezi kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu Aprili, kwenye kina kirefu maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, na kule chini hewa hupungua sana. Miezi hiyo usipoteze muda kwenye mita 40. Mtafute kwenye miamba ya visiwa, mita 3 hadi 10. Juni na Julai pepo za kusini hulikoroga ziwa, samaki husambaa, na kazi huwa ngumu zaidi.

Ukifika kisiwani, zima injini ukae kimya dakika tano utazame. Upepo unapiga upande gani? Upande huo ndio maji yanasukumwa juu ya mawe na samaki wadogo wanalewalewa. Tafuta ncha ya kisiwa, mahali ambapo mwamba unaingia majini na kuendelea chini kama ngazi. Tafuta mstari kati ya maji yanayokwenda na maji yaliyotulia. Wale mliovua baharini mnaujua: ni kama mlango wa mwamba pale maji yanapojaa na kupwa. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa maana ile, upepo ndio unaofanya kazi yake.

Na tazama ndege. Mnandi wakizama sehemu moja mara kwa mara, chini yao pana samaki wadogo, furu au mukene (dagaa), na sangara anayewafuata hayuko mbali.

Hatua ya 4: Kurambaza

Buruta chambo nyuma ya mashua, mita 25 hadi 40, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Fuata umbo la mwamba, usikate moja kwa moja. Ukiona ncha ya fimbo haitetemi, chambo kimeshika nyasi, kivute ukisafishe. Alfajiri na saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama ndizo saa zangu.

Baada ya kuzunguka kisiwa mara mbili bila kitu, simama kwenye ncha ya kisiwa na tupa chambo kwa fimbo. Acha chambo kizame, vuta mara tatu, pumzika. Huuma wakati wa kupumzika.

Hatua ya 5: Akiuma

Kaza mshipi mara moja na usiulegeze tena. Sangara hupanda juu, hutoa kichwa nje na kukitikisa. Hapo ndipo ndoana hutoka. Akianza kupanda, inamisha ncha ya fimbo karibu na maji uendelee kuvuta. Nahodha aiondoe mashua kwenye mawe taratibu ili vita viishie kwenye maji wazi.

Usimchezee. Mlete upesi kadiri zana zinavyoruhusu. Mwaka wangu wa pili nilipigana na jike mmoja, nakadiria kilo 30, kwa karibu nusu saa, kisha nikamtundika kwa mashavu ili tupige picha. Nilipomrudisha aligeuka tumbo juu. Tulimshika majini muda mrefu, hakuamka. Nililia, sioni aibu kusema. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 tuliona sangara wengi wakielea Victoria, Kyoga hadi mto Nile, na serikali ikaeleza kuwa ni upungufu wa oksijeni. Samaki yuleyule anayekufa hivyo ndiye tunayemchosha nusu saa halafu tunamtoa nje ya maji.

Hatua ya 6: Kumtunza au kumrudisha

Chini ya sentimita 50 harudi nyumbani nawe, sheria inakataza. Mimi huchukua mmoja wa sentimita 60 au 70, basi. Mkubwa kuliko 85 namrudisha, kwa sababu wakubwa wengi ni majike na kila mmoja hubeba mayai kwa mamilioni.

Vaa glavu, shika taya la chini, mkono mwingine uwe chini ya tumbo. Toa ndoana akiwa majini. Picha iwe ya sekunde chache. Kisha mwelekeze kichwa mbele na mashua isogee polepole hadi apige mkia mwenyewe. Aliyetoka kwenye kina kirefu bondo lake, yaani kifuko chake cha hewa, hufura na tumbo kujitokeza mdomoni, huyo kurudi chini ni shida. Ndiyo maana sivui kwenye kina kinachozidi mita 12 nikikusudia kurudisha.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Kampala: Shikamoo mwalimu. Kuna mtu ameniambia sangara ni samaki wa bahari aliyeletwa ziwani. Kweli?*

Marahaba. Nusu kweli. Ukoo wake una mguu baharini: barramundi wa Australia ni ndugu yake wa karibu, na huyo huzaa kwenye maji ya chumvi. Sangara mwenyewe huzaa kwenye maji yasiyo na chumvi, na kwao ni Nile, Albert na Turkana. Maporomoko ya Murchison, pale mto mzima unapobanwa kwenye upenyo wa mita 7 hivi, yalimzuia asipande juu. Kyoga na Victoria aliwekwa na watu miaka ya 1950 na 1960.

*Ndugu wa Jinja: Basi kwa nini tusilete kolekole au nguru, tujaribu?*

Hapana, kaka, na naomba wazo hili liishie hapa. Ni kosa kisheria, na mwili wa nguru hauwezi maji yasiyo na chumvi. Wapo wachache wanaoweza. Marekani, mabwawa ya Santee Cooper kule South Carolina yalipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, samaki wa baharini aitwaye striped bass alibaki ndani na ikaonekana anazaliana humohumo. Texas wanaweka samaki mwingine wa baharini, red drum, kwenye mabwawa ya mitambo ya umeme, lakini humo hawazaliani, inabidi waongezwe tena na tena. Sisi jaribio letu tumeshalifanya. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za furu, na inakadiriwa aina 200 hivi zimepotea, sangara akiwa sababu kubwa. Nampenda samaki huyu kuliko wote, na bado sitaki mwingine kama yeye aletwe.

*Mama wa Entebbe: Baba, watu mwaloni wanahangaika kupata kitoweo, nyinyi mnamwachia samaki wa kilo 30. Hii si kufuru?*

Mama, swali lako ni la haki. Mvuvi mwenye leseni anayelisha watoto simwambii arudishe chochote kinachoruhusiwa. Nasema na sisi tunaokwenda kwa starehe. Huyo wa sentimita 60 anatosha familia yangu siku mbili, na nyama yake ni tamu kuliko ya mzee, ambaye amejaa mafuta.

*Mwanachama wa Arua: Ssebo, mimi sina mashua. Nile upande wa Murchison naweza kuvua nikiwa nchi kavu?*

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Nenda Januari hadi Machi, maji yanapopungua na kusafika. Tafuta maji yanayozunguka nyuma ya mwamba, pembeni mwa mkondo mkali, na tumia samaki mdogo hai kwenye ndoana moja kubwa. Usiende bila askari wa hifadhi. Usisimame kwenye ukingo wa mchanga wala usiingize mguu majini, mamba wa pale ni wakubwa mno. Panda juu ya jiwe, mita mbili au tatu kutoka kwenye maji, na umpange mapema mwenzako mwenye wavu wa mpini mrefu, kwa sababu samaki akishafika chini yako hutakuwa na muda wa kufikiri.