Fleti ya miaka 99 Malindi: karatasi za kuona kabla ya kutoa amana

Dalali atakupeleka kwanza barazani uone bahari. Mwachie aonyeshe, kisha umwulize mambo mawili: hati ya kukodishiwa ardhi imebakisha miaka mingapi, na ada ya huduma ni shilingi ngapi kwa mwezi. Majibu yote mawili yaje kwa karatasi. Mtu akikuambia "ni miaka 99" bila kukupa nakala ya hati, bado hajakujibu.

Miaka 99 huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa ndani ya hati, na mara nyingi hiyo ndiyo siku mjenzi wa jengo, au hata mwenye kiwanja aliyemtangulia, alipopewa ardhi. Kiwanja kilichotolewa tarehe 1 Januari 1955 kwa miaka 99 muda wake unakwisha mwishoni mwa 2053, hata kama fleti imepakwa rangi jana. Atakayeinunua 2030 ananunua miaka 24. Benki huangalia miaka hiyo kabla ya kutoa mkopo, na atakayenunua kwako baadaye ataiangalia vilevile, kwa hiyo hati fupi inashusha bei ya fleti ungali unaishi ndani. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 nacho kinasema asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia inahesabiwa si raia. Malindi ina wenye fleti wengi Waitaliano, hivyo jambo hili hukutana nalo mapema. Muuzaji wa kigeni akidai anakuuzia umiliki wa kudumu, mwonyeshe wakili wako hati hiyo kabla hamjazungumza bei.

Kuhusu kuongeza muda, Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia haki ya kufikiriwa kwanza muda unapokwisha, mradi serikali haiihitaji ardhi hiyo kwa matumizi ya umma. Hilo ni tumaini zuri, lakini lisikufanye ulipie fleti ya miaka 24 bei ya fleti ya miaka 80.

Sasa uliza ni hati ya namna gani. Majengo ya zamani yaliuzwa kwa mtindo huu: kampuni ya usimamizi inabaki na hati kuu ya kiwanja, na kila mnunuzi anapewa ukodishaji mdogo pamoja na hisa moja katika kampuni. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 ilibadilisha utaratibu. Jengo likisajiliwa chini yake, hati kuu hufungwa, kila fleti hupata hati yake, na wenye fleti huwa wanachama wa shirika la jengo kwa nguvu ya sheria. Hati za zamani zilipewa miaka miwili zigeuzwe, na muda huo umeshapita. Kwa jengo ambalo halijageuzwa, uliza ni nani atakayegharamia upimaji na usajili, na jibu liandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Ujue pia kwamba sheria hii inahusu ardhi ya kudumu au ardhi iliyobakisha muda usiopungua miaka 21. Fleti ya mfano wetu wa 1955 itakuwa imevuka mpaka huo ikifika 2033.

Wakili afanye sachi, yaani upekuzi kwenye rejista ya ardhi, mara mbili: ya fleti, na ya hati kuu ikiwa bado ipo. Hii ya pili ndiyo husahaulika. Mjenzi anaweza kuwa aliweka kiwanja kizima rehani benki, na fleti uliyolipa ikabaki ndani ya rehani hiyo mpaka benki itoe barua ya kuiachilia. Angalia pia zuio lolote lililowekwa, na matumizi yaliyoruhusiwa. Ukikusudia kupangisha kwa watalii kwa siku chache chache, soma kanuni za jengo neno kwa neno, maana yapo majengo yanayokataza.

Ada ya huduma inataka subira zaidi. Omba hesabu za miaka mitatu, bajeti ya mwaka huu, kumbukumbu za mikutano mikuu miwili ya mwisho, na orodha ya madeni kwa namba za fleti. Tuseme jengo lina fleti 24 na kila moja inatakiwa kulipa 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,456,000. Wenye fleti wanane wakiwa ng'ambo na hawalipi, pengo ni 1,152,000, na askari, dizeli ya jenereta na dawa ya bwawa vinapaswa kulipiwa na waliobaki. Ada ndogo isikuvutie upesi. Pengine ni ndogo kwa sababu hakuna akiba ya matengenezo makubwa, na siku pampu ikifa mtaitishwa mchango wa ghafla. Kwenye kumbukumbu za mikutano tafuta mchango wa namna hiyo uliokwisha pitishwa lakini haujadaiwa, kwa kuwa utakuangukia wewe. Uliza pia ada hugawanywa vipi: sawa kwa sawa, au kwa kipimo cha kila fleti kilichosajiliwa. Kwa fleti ya chumba kimoja tofauti ni kubwa. Bima ya jengo nayo iwe hai. Omba cheti chenye tarehe.

Halafu pandeni juu. Chumvi ya bahari huingia kwenye zege, chuma cha ndani kikashika kutu, kikavimba na kupasua zege. Tazama chini ya baraza na kwenye nguzo zinazoelekea baharini: mistari ya rangi ya kutu, nyufa zinazofuata njia ya chuma, mahali palipozibwa kwa saruji mpya. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya uwazi inamaanisha zege limeachana na chuma. Kazi hiyo ni ya jengo zima, nawe utachangia. Paa la makuti nalo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo uliza liliezekwa lini na pesa za zamu ijayo ziko wapi.

Maji, fungua bomba na uonje. Malindi hupata maji ya Sabaki kutoka Baricho, lakini majengo mengi huongezea ya kisima, na ya kisima karibu na ufuo huwa na chumvi inayokula hita na bomba. Uliza mita ya maji ni ya fleti au ya jengo zima, ni nani hulipia bouza (lori la maji) mfereji ukikauka, na tangi la maji taka hunyonywa kila baada ya muda gani.

Kabla ya kukamilisha, muuzaji alete cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya serikali ya kitaifa, cheti cha kutodaiwa reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, kutoka Kaunti ya Kilifi, kibali cha kuhamisha ikiwa hati inakitaka, ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa pale inapohitajika, na taarifa ya maandishi kutoka kwa shirika la jengo kwamba ada imelipwa hadi mwezi huo. Wewe tenga ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, unaokadiriwa na mthamini wa serikali, ambaye anaweza kupata thamani iliyo juu ya bei mliyokubaliana. Amana kwa kawaida ni asilimia 10. Ikae kwa wakili hadi siku ya kukamilisha, isiende kwa dalali. Madeni yakionekana lakini bado unaitaka fleti, mkataba useme yatakatwa kwenye bei na kulipwa moja kwa moja kwa shirika. Kama jengo ni la mtindo wa zamani, hisa ya kampuni ya usimamizi ihamishwe siku ileile pamoja na hati. Bila hisa hiyo utalipa ada kila mwezi na hutapiga kura.